Kiganja cha Mashudu

Ukoo ule una ugonjwa wa huruma, na wenyewe hawakatai. Mama yao, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kumeza tonge paka akimtazama. Atamkatia kipande, paka atakwenda kumwita mwenzake, yule naye atamwita wa jirani, na mwisho wa yote paka wamelala wameshiba na mama amelala na chai tupu. Wanawe wawili wa kike walimcheka sana, kisha wakakua wakawa kama yeye. Mkubwa alirithi fungu nono zaidi, na ndilo lililomponza.

Huyo mkubwa watu walimwita Mizani. Jina hilo alilipata kazini, kwenye kituo cha kunenepesha kondoo, ambako alikuwa mchanganyaji wa chakula na mpimaji. Hakuna aliyewahi kumwona akikadiria kitu kwa macho. Hata sukari ya chai ofisini aliisawazisha kwa mgongo wa kijiko. Wenzake walimtania kwamba ukimpa salamu ataipima kwanza ndipo aitikie, naye hucheka na kusema, "Nyinyi mnaokadiria ndio mnaotupa hasara."

Basi akaja Daktari wa mifugo, mwanamke kijana, mpole, mwenye maswali mengi. Swali lake kubwa lilikuwa hili: mwanakondoo akishaachishwa ziwa, anahitaji protini kiasi gani ili anenepe vizuri? Mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta, ndiyo yenye protini, na mashudu ni ghali. Kama yangeweza kupunguzwa bila kondoo kudhoofika, wafugaji wadogo wangepumua.

Akavigawa vizimba vitatu. Wanakondoo wa mbegu moja, wa umri mmoja, maji yale yale, majani makavu yale yale. Mahindi ya kuparaza na pumba walipewa wote. Tofauti ilikuwa mashudu tu: kizimba cha kwanza kiliwekewa kidogo mno, cha kati kiasi, cha tatu kwa wingi. Kazi ya Mizani ilikuwa kupima kinachoingia horini, kupima kilichobaki, na kuwapandisha wanakondoo kwenye mizani siku zao zikifika. Daktari alimwambia jambo moja tu, tena kwa heshima: "Mama, mimi macho yangu ni wewe. Nikikosea hesabu nitarudia, lakini wewe ukikosea kipimo, sitajua kamwe."

Siku za mwanzo vizimba vyote vilifanana. Kisha tofauti ikaanza kujitokeza. Wale wa kizimba cha tatu walijaa mapaja, wakawa wanasukumana kama mabwana wakubwa. Wale wa kwanza hawakuugua wala hawakufa; ni kwamba hawakukua. Matumbo yalijaa pumba, lakini pumba haijengi nyama, na migongo yao ikabaki na ncha ncha. Wakimsikia Mizani anafungua mlango wa stoo walikimbilia langoni wote, wakalia. Mmoja aliyekuwa na sikio lililokunjika alipenyeza kichwa kwenye mbao na kunyonya kifungo cha aproni yake, akidhani labda kuna kitu humo.

Kuna watu wanaoweza kuvumilia kitu kama kile, na dunia inawahitaji. Mizani si mmoja wao. Alivumilia, akajikaza, akageuza uso. Lakini stoo ile ilikuwa na makombo: mashudu yanayomwagika sakafuni gunia likifunguliwa, yanayofagiliwa na kutupwa kwenye lundo la mboji. Makombo hayakupimwa na mtu yeyote. Si mali ya kizimba chochote, alijiambia. Siku ile alifagia, na badala ya kwenda kwenye mboji akaingiza kiganja kimoja mfukoni mwa aproni. Alipokuwa anasafisha birika la maji la kizimba cha kwanza, akakifungua kiganja. Yule mwenye sikio lililokunjika alikula, akampiga kichwa cha shukrani gotini.

Kesho yake akarudia, na siku zilizofuata kiganja kikawa viwili, vitatu. Makombo yalipopungua, fagio lake likawa zembe kidogo na mikono yake ikawa inamwaga kidogo zaidi gunia likifunguliwa. Tenda wema nenda zako, alijisemea. Wale wanakondoo wakapendeza. Migongo ikaziba, manyoya yakaanza kung'aa, na Mizani akawa anakwenda kazini na roho yake nyeupe. Kila kiganja kilikuwa kidogo, na kondoo walikuwa wengi. Kingebadilisha nini?

Kilibadilisha kila kitu. Jaribio lilipokwisha, Daktari alitoka ofisini akitabasamu mpaka magego yanaonekana. Alimshika Mizani mikono yote miwili. "Mama, huwezi kuamini. Kizimba cha kwanza kimekaribiana kabisa na cha kati. Kondoo wetu ni hodari, protini kidogo inawatosha. Unajua wafugaji wataokoa kiasi gani?"

Hapo ndipo Mizani alipoelewa viganja vyake vimefanya nini. Mdomo ulifunguka, na kama angesema wakati ule, mambo yangeishia pale pale, kwa aibu ya siku moja. Lakini Daktari alikuwa anafurahi, na wenzake walikuwa wanapiga makofi, na mwenye jina la Mizani angeanzia wapi? Akasema, "Hongera, Daktari." Akaenda stoo, akakaa juu ya gunia, akaitazama mikono yake.

Daktari hakukalia elimu yake. Alikiita kikundi cha akina mama wafugaji, akawafundisha mchanganyo wa kizimba cha kwanza: mahindi, pumba nyingi, mashudu ya kuonjesha tu. Na aliyekaa mstari wa mbele kabisa, akitikisa kichwa kwa kila neno, alikuwa mdogo wake Mizani.

Huyu ni kitinda mimba, na Kitinda ndilo jina alilobaki nalo mpaka akaolewa. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa bado anavaa sare za shule, na Mizani ndiye aliyemmalizia kulea. Kitinda alikuwa fundi cherehani, na cherehani yenyewe aliachiwa na mama. Wiki ile ile akaiuza, akanunua wanakondoo.

"Umeuza cherehani ya mama?" Mizani aliuliza.

"Dada, nguo za mitumba zimetuua sisi mafundi. Nikiwanenepesha hawa na kuwauza, nanunua cherehani ya umeme. Mama atafurahi huko aliko."

"Mimi ningekuwa wewe, ningewaongezea mashudu. Usifuate sana ule mchanganyo."

Kitinda alicheka hadi akajishika kiuno. "Haya makubwa. Mizani anaitilia shaka mizani yake. Si wewe uliyewapima mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Basi yamekwisha."

Mizani akampa kopo lake la kupimia, lile la bati alilolitumia kazini miaka nenda miaka rudi, asikosee. Kutoa kopo lilikuwa jambo jepesi kuliko kutoa neno. Kila alipopanga kusema, alikuta sababu ya kungoja: leo shemeji yupo, leo Kitinda amechoka, leo mvua. Mwoga hakosi kalenda.

Wanakondoo wa Kitinda walikula, wakalia, wakala tena. Hawakukua. Kitinda alipima kwa kopo la dada yake, asubuhi na jioni, akisawazisha juu kwa kijiti kama alivyofundishwa, na matumbo yalivimba na mapaja yakabaki ya mbuzi wa kuchora. Mama mkwe wake, ambaye tangu mwanzo hakuipenda biashara ile, akapata la kusema. Alisema mkono wa mkwewe hauna baraka. Baadaye akasema zaidi: kwamba pengine mashudu yanauzwa mlango wa nyuma. Shemeji ni mtu wa amani, na watu wa amani wana tabia ya kunyamaza wakati ambapo wangetakiwa kusema, kwa hiyo alinyamaza.

Kitinda akaomba Daktari aje aone kwa macho yake. Daktari akaja na Mizani.

Walisimama kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Daktari aliwapapasa wanakondoo mgongoni, akatazama macho yao, akatazama hori, akanusa pumba. Hakuona ugonjwa. Akamgeukia Kitinda, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule, jambo ambalo lilizidi kuumiza. "Mama, sikulaumu. Ila tukiambiana ukweli ndipo tutasaidiana. Kipimo cha mashudu kinaingia chote humu?"

"Kinaingia chote, Daktari."

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. "Muulize vizuri. Mimi nimeuliza mpaka nimechoka."

Kitinda akamgeukia dada yake. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimgeukia kama mtu anayeelekea mlango wa kwake. "Dada, waambie. Wewe unanijua."

Mizani alihisi macho yote yamemkalia. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Akasema lingine.

"Labda," alisema, "labda kipimo kilikuwa kinapungua kidogo. Mtu hukosea."

Sauti ya mchele kwenye ungo ikakoma. Mama mkwe alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Kitinda alimtazama dada yake, kisha akainama akamfunga upya mwanakondoo mmoja kamba iliyokuwa imefungwa vizuri tangu asubuhi.

Tangu siku hiyo hakumwita tena dada. Walipokutana dukani alisema, "Shikamoo, mama Mizani," kama wanavyosema watoto wa mtaa, akapita. Na Mizani, ambaye alimfundisha mwenyewe kuamkia wakubwa, aliitikia marahaba kama kwa mtoto wa jirani. Chakula kilimshinda. Kazini alipima akasahau, akapima tena. Usisikie watu wakisema dhamira husuta. Dhamira ya Mizani haikusuta, ilikaa naye mezani na kula sahani yake.

Hatimaye mtoto wa Kitinda akaja kituoni ana kitu kwenye mfuko wa plastiki. "Mama mkubwa, mama amesema hili lenu." Lilikuwa kopo la bati. Limeoshwa, limesuguliwa kwa majivu, linang'aa kuliko siku lilipotolewa.

Mizani alilipokea, akaenda nalo moja kwa moja ofisini. Daktari alikuwa anaandika. Mizani hakukaa.

"Daktari, kizimba cha kwanza nilikilisha mimi."

"Najua, mama. Ni kazi yako."

"Hujanielewa. Niliwapa mashudu. Makombo ya stoo. Kila siku, nikisafisha birika. Walikuwa wanalia. Mdogo wangu hajakosea kipimo hata punje moja, na mimi nimemsingizia mbele ya watu wake."

Daktari aliweka kalamu chini. Nje wanakondoo walikuwa wanalia, maana stoo ilikuwa haijafunguliwa.

"Kiasi gani?" Daktari aliuliza.

"Kiganja."

"Kiganja ni kiasi gani?"

Na hapa ndipo Mizani alipolia, kwa sababu jibu lilimwaibisha kuliko kosa. "Sikupima."

Daktari alimwongoza mpaka stoo. Alifungua gunia, akaweka sinia juu ya mizani, akamwambia achote kama alivyokuwa anachota. Mizani akachota, akaweka. Tena. Tena, mpaka vikatimia viganja vya siku moja kama alivyokumbuka. Mkono haukukosea; mkono wa mpimaji unajua njia hata mwenyewe akiwa amepotea. Daktari akasoma, akajumlisha na mgao wa kizimba cha kwanza, akagawa kwa kondoo, akapiga hesabu mara mbili.

"Mama," akasema taratibu, "ulikuwa unawalisha mgao wa kizimba cha kati. Karibu sawasawa. Ndiyo maana walifanana." Akavua miwani akajifuta uso. "Na mimi nikasimama mbele ya wanawake wale nikawaambia kondoo wetu ni hodari."

"Nifukuze, Daktari."

"Nikikufukuza nitamweka nani? Mtu atakayefanya hivyo hivyo asije kuniambia?" Alikuwa amekasirika sasa, na Mizani alishukuru moyoni. "Tutarudia jaribio lote. Wewe ndiye utakayelisha. Na safari hii utawasikia wakilia mpaka mwisho."

Daktari aliwakusanya wale akina mama akasema kituo kilikosea, mchanganyo ule haufai, waongeze mashudu haraka. Hakumtaja mtu. Ni Mizani aliyenyanyuka mwenyewe, akasema ni yeye. Watu wakaguna. Wengine walimsonya, na walikuwa na haki. Kisha akamfuata Kitinda nyumbani, akarudia maneno yale yale mbele ya mama mkwe, akamwangukia mdogo wake.

Kitinda alikuwa anashona kifungo kwa mkono, kwa kuwa cherehani hakuwa nayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Nimesikia," alisema. "Ila ungesema siku ile, mama Mizani. Siku ile niliyokuomba."

Mama mkwe naye hakukubali kirahisi. Alisema ndugu hufichiana aibu, huyu kaja kumkingia mdogo wake tu. Aliyekwisha kuamini baya la mkwewe hulitoa kwa shida.

Jaribio la pili likaanza, na wanakondoo wapya. Mizani alishona mfuko wa aproni yake, akaufunga kabisa kwa uzi mweusi. Alifagia makombo akayapeleka kwenye mboji kila siku, na kila siku kizimba cha kwanza kilimlilia njia nzima. Hakuwapa majina. Mmoja aliyezoea kumnyonya ncha ya kanga alimwacha anyonye, maana kanga haina protini. Wengine walidhani amekuwa na moyo mgumu. Akifika nyumbani alikaa kitandani na viatu, akisikia milio ile masikioni, akijua kwamba njaa ile yeye ndiye aliyeiandaa mara mbili, kwa wanakondoo wa Kitinda na kwa hawa: angekuwa mkweli mara ya kwanza, jaribio lisingerudiwa na hawa wangeshiba.

Siku ya kuonyesha matokeo, Daktari aliwaalika akina mama waje waone vizimba vyenyewe. Kitinda akaja, na mama mkwe wake akaja nyuma, mkono kiunoni. Hapakuhitajika maneno. Kizimba cha tatu na cha kati walikuwa wamejaa, wanang'aa. Cha kwanza walisimama langoni na matumbo ya pumba na migongo ya ncha.

Mama mkwe aliwatazama muda mrefu. "Hawa ni kama wetu," alisema. Kisha, bila kumtazama mtu, "Kumbe mtoto wa watu nilimwonea." Akatoka nje kwenda kutafuta maji ya kunywa, na huenda kweli alikuwa na kiu.

Wengine walimfuata Daktari kwenda kwenye mizani. Kitinda alibaki peke yake langoni. Alikuwa amepata haki yake, na Mizani, aliyekuwa mlangoni mwa stoo, alingoja kumwona akifurahi. Hakufurahi. Alikuwa anamtazama mwanakondoo mdogo kuliko wote, aliyepenyeza kichwa kwenye mbao akawa ananyonya kifungo cha gauni lake. Kitinda akatazama kushoto, akatazama kulia. Akapiga hatua mpaka kwenye gunia la mashudu lililokuwa wazi kando ya lango, akachota kiganja.

Mizani alimfikia mkono ukiwa tayari kati ya mbao. Akamshika kiwiko cha mkono, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Acha, Kitinda."

"Kidogo tu. Mtazame alivyo."

"Namwona kila siku."

"Kiganja kimoja kitabadilisha nini?"

Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na Kitinda aliyasikia mwenyewe. Alitazama kiganja chake, kisha uso wa dada yake, ambao mpaka leo hakuwa amegundua jinsi ulivyokonda. Mwanakondoo alikuwa anajivuta, ulimi nje, akishindwa kuyafikia mashudu kwa umbali mdogo sana.

Kitinda akavuta mkono nyuma akaufungua. Mashudu yakamwagika sakafuni, na kizimba kizima kikaanza kulia.

Mizani alichukua fagio. Alifagia akiwa ameinamisha kichwa, machozi yasionekane, na alipogeuka kutafuta kizoleo hakukiona mahali pake. Kitinda alikuwa amekishika tayari, amechuchumaa, amekiegemeza sakafuni mbele ya fagio.

"Kuna mengine yamebaki kule pembeni," alisema. "Fagia na huko, dada."